Baridi Hushuka Usiku: Mafunzo Niliyopata Nikisoma Hewa ya Kesho Rumonge

Theluji haianguki Rumonge. Mji wetu uko kiasi cha mita 780 juu ya usawa wa bahari, na hata Heha, mlima mrefu kuliko yote Burundi, unakomea karibu na mita 2,670, chini sana ya vilele vya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori ambako watu wa Afrika Mashariki huiona theluji kwa macho yao. Lakini kila mwaka, mvua zikishakatika, kuanzia Juni mpaka Agosti, mwambao wa Tanganyika huwa na kipupwe chake. Mtu anayeishi kwa ndagala na mawese hulazimika kujua kesho na kesho kutwa hali itakuwaje kabla hajatoa pesa mfukoni.

Mimi ni mwanamke wa biashara hizo mbili. Ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu, nanunua mwaloni, naanika, nauza. Mawese napandisha Bururi na Mugamba kwa magari ya mizigo, na kurudi nashuka na viazi. Nalala kwenye joto la chini, nakula kwa wateja wa kwenye baridi ya juu. Haya ninayoandika nimeyachota kwa manahodha, madereva, wakulima wa milimani, redio, na kwa kutazama mwenyewe. Nimeyapa namba ili kijana anayeanza ayashike kwa urahisi, ila uzito wake haulingani.

1. Tazama milima kabla ya kutazama maji

Simama bandarini ulipe ziwa mgongo. Mbele yako kuna michikichi, kisha vilima, kisha ukuta wa milima ya Bururi. Safari ya gari si ndefu, lakini ardhi inapanda zaidi ya mita 1,000. Hewa yetu ya usiku hutengenezwa huko juu.

Jua likizama, nyasi za milimani hupoteza joto upesi. Hewa inayozigusa hupoa, na hewa iliyopoa ni nzito, hivyo huanza kuteremka kufuata mabonde, yakiwemo ya mito kama Dama na Murembwe, mpaka ikutane na ziwa. Ziwa lenyewe halipoi kwa usiku mmoja, joto lake hubaki. Kwa hiyo ifikapo saa tisa usiku, katikati ya kiangazi, utasikia upepo mwembamba ukitoka nyuma ya nyumba kuelekea majini. Moshi wa majiko hufuata njia hiyo hiyo. Asubuhi jua likishapanda, ardhi hupata joto kuliko maji, na upepo hugeuka ukatoka ziwani kuja mjini. Anayejua zamu hizo mbili ameshapata nusu ya utabiri bila kuuliza mtu.

Nusu ya pili iko angani. Usiku wa anga jeupe, usio na mawingu wala upepo mkubwa, ndio unaoteremsha baridi kwa wingi, kwa sababu joto la ardhi halina kitu cha kulizuia lisipotee juu. Mawingu yakitanda jioni, alfajiri huwa ya uvuguvugu. Ndiyo sababu, redio ikisema "anga litakuwa safi kesho", mimi husikia pia kwamba watakaokuwa mtumbwini wakati wa adhana ya alfajiri watahitaji koti, na kwamba wazee wenye kifua walale na blanketi la pili.

2. Theluji ya Lesotho inatuhusu

Jambo hili huwashangaza wengi mwaloni, nami hupenda kulieleza taratibu.

Juni, Julai na Agosti ni majira ya baridi upande wote wa kusini wa dunia. Katika miezi hiyo, na wakati mwingine hata Septemba, baridi kali kutoka bahari za kusini hupanda juu ya Afrika Kusini na kumwaga theluji kwenye milima ya Drakensberg na Lesotho. Septemba 2024 ilianguka nyingi kiasi cha kufunga barabara kuu ya N3 kati ya Johannesburg na Durban, na watu wakalala ndani ya magari yao. Kutoka milima ile mpaka Rumonge ni karibu kilomita 2,800. Theluji yenyewe haisafiri. Kinachosafiri ni msukumo unaofuata nyuma yake: hewa nzito ya baridi hujikusanya pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, kisha husukuma upepo kwenda kaskazini kupitia Msumbiji. Malawi huupata na kuuita Chiperoni, ukiwa na manyunyu na ubaridi wa siku kadhaa. Zambia nayo huupata. Na upepo wa kusi unaovuma juu ya Tanganyika tangu Mei hadi Septemba hauvumi kwa nguvu ile ile kila siku. Huja kwa misukumo, ukakaza siku kadhaa, ukalegea, ukakaza tena.

Basi nikisikia kwamba Lesotho kuna theluji, sibadilishi chochote siku hiyo. Naanza kuuliza habari za Mpulungu, bandari ya Zambia kwenye ncha ya kusini ya ziwa. Meli za mizigo hutoka huko na saruji na sukari kuja Bujumbura, na mabaharia wake huongea na watu wetu kwa simu. Mpulungu hupigwa na kusi kuliko sisi. Wakisema ziwa limechafuka, nauliza Kigoma, upande wa Tanzania. Kigoma nao wakisema hivyo hivyo, najua kesho yake zamu ni yetu.

Hapo kuna jambo moja ambalo wageni wa ziwa hawalitegemei. Tanganyika ni refu, kilomita 670 hivi kutoka kusini hadi kaskazini, wakati upana wake ni kama kilomita 50 kwa wastani. Upepo unaotoka kusini una nafasi ya kuyakimbiza maji mamia ya kilomita. Wimbi linaweza kutufikia Rumonge siku ambayo majani ya mchikichi hayatikisiki. Nahodha mmoja ninayenunua kwake aliniambia, "Mama, upepo tunausikia masikioni, lakini kusi ya mbali unaisikia miguuni." Alikuwa na maana ya sakafu ya mtumbwi. Tangu hapo, nikifika mwaloni jioni, natazama maji yanavyopanda na kushuka kwenye mawe ya gati kabla sijatazama bendera.

3. Namba ya kwenye simu huchanganya ziwa na mlima

Vijana wengi sasa hutazama hewa kwenye simu. Ni jambo jema, na nawahimiza. Ila wajue namba hiyo inatoka wapi. Programu nyingi huchota kwenye hesabu za vituo vikubwa vya dunia. Hesabu za kituo cha Ulaya, ambacho ni miongoni mwa vilivyo bora, huigawa dunia katika viraba vya kilomita 9 hivi. Kiraba kimoja cha namna hiyo kwenye mwambao wetu kinaweza kuchukua maji, mji, michikichi na mwanzo wa mlima kwa pamoja. Kompyuta hulazimika kuvichanganya na kutoa namba moja.

Mimi hufanya hesabu yangu ya pembeni. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi. Simu ikiniambia Rumonge itakuwa nyuzi 28 mchana, najua Bururi itakuwa 21 au karibu na hapo, na nikilala Mugamba nitahitaji soksi. Usiku hesabu hii haishiki sawasawa, kwa sababu hewa baridi hutulia mabondeni. Nyumba ya bondeni inaweza kuwa na baridi kuliko nyumba iliyo mgongoni mwa kilima juu yake. Wakulima wa viazi wa huko wanalijua hilo bila kipimajoto.

4. Mawese husema ukweli wa baridi

Kama hujui baridi imefika kiasi gani, tazama bidoni, yaani dumu, la mawese.

Mafuta haya ni mchanganyiko wa sehemu mbili, moja hubaki kimiminika na nyingine huganda upesi joto likishuka. Hapa Rumonge, kwenye kiangazi, bidoni lililolala nje huamka na tabaka zito la rangi ya manjano chini na mafuta mekundu juu. Likifika Mugamba, asubuhi lote huwa zito, na ukiligeuza halitoki kitu. Mteja aliyekuja na chupa ya lita moja husimama akikungoja. Wenye haraka huweka bidoni karibu na moto, jambo ambalo silipendi, kwa sababu plastiki hulainika na mafuta hushika harufu. Njia safi ni sufuria kubwa ya maji ya moto, bidoni likae humo bila kugusa moto wenyewe.

Kuganda huko kunagusa pesa. Mafuta yaliyoganda hujaa kidogo kuliko yaliyoyeyuka, na mnunuzi akiona bidoni halijafika shingoni hudhani amepunjwa. Pia akichota ya juu tu, amepata laini na kuniachia nzito, na mteja wa mwisho atalalamika kwamba mafuta si yale yale. Kwa hiyo utabiri wa siku mbili ndio unaonipangia safari. Usiku ukitarajiwa kuwa wa anga jeupe kule juu, napanga gari litoke Rumonge saa nne asubuhi, jua likiwa limeshayalegeza mafuta, nayatikisa, nafika mchana, nauza kabla ya saa kumi. Mawingu yakitarajiwa, sina haraka. Bei ya siku hiyo hutegemea mengi, lakini mteja kuondoka ameridhika hutegemea hewa kuliko wengi wanavyodhani.

5. Baridi ya ghafla kwenye majira ya mvua ni onyo, ikimbie

Hili ndilo ningetaka lisomwe na kila mama mwenye mtoto wa kiume ziwani.

Baridi ya kiangazi huja polepole na haina hila. Baridi ya kuogopwa ni ile ya Oktoba, Novemba, Machi na Aprili, inayokujia usoni kwa mara moja usiku wa joto zito. Chanzo chake ni mawingu marefu ya radi. Ndani ya mawingu hayo, juu sana, kuna barafu hata hapa kwetu karibu na ikweta. Ndiyo inayowaangukia watu wa Bururi na Mugamba kama mvua ya mawe na kuchana majani ya chai na migomba. Mvua na mawe hayo yanapoanguka, huvuta chini hewa iliyopozwa nayo. Hewa hiyo ikigonga ardhi haina pa kwenda isipokuwa pembeni, na ikiwa imeangukia mlimani, pembeni ni kuteremka ziwani. Huja kwa kasi. Mawingu yanaweza kuwa yangali mbali, nyota zikionekana juu ya kichwa chako, na upepo ukawa umeshafika.

Upande wa pili wa ziwa nao una yake. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa radi kwa wingi zaidi. Kutoka Rumonge, usiku wa mvua, tunaona mwanga ukichezacheza nyuma ya rasi ya Ubwari. Mwanga ukikaa pale pale, wavuvi huendelea na kazi. Ukianza kuenea na kupanda, wenye busara huvuta nyavu.

Wavuvi wa ndagala huwa kwenye mitumbwi iliyounganishwa kwa boriti, taa zikining'inia juu ya maji, wavu mkubwa umeshuka chini. Si chombo cha kukimbia. Kuinua wavu, kufunga taa na kuwasha injini huchukua muda, na upepo ule hausubiri. Kwa hiyo dalili lazima zijulikane mapema: joto la kunata jioni, ngurumo kutoka Bururi, kisha utulivu usio wa kawaida, kisha pumzi ya baridi yenye harufu ya udongo uliolowa. Harufu hiyo ikifika puani, ardhi iliyonyeshewa haiko mbali. Nimewasikia manahodha wakiwaambia vijana wao, "Mwanangu, ukinusa mvua usiyoiona, usimalize hata sigara." Hao ndio ninaopenda kununua kwao, maana nina hakika wiki ijayo watakuwepo.

6. Jua si kitu pekee kinachokausha ndagala

Kinachowakausha ni upepo mkavu pamoja na jua. Asubuhi ya kiangazi yenye umande na ukungu wa moshi, samaki walioanikwa mchangani hunywa maji kutoka chini hata jua likiwaka. Meza za waya zilizoinuliwa, ambazo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliwahimiza waanikaji wa mwambao huu wazitumie, hupitisha hewa juu na chini. Mimi hutandaza baada ya upepo wa ziwani kuanza, si kabla.

7. Baridi hii ndiyo inayolisha ziwa

Watu hulalamika Julai: vumbi, midomo inapasuka, watoto wanakohoa, milima ya Kongo imefichwa na moshi wa nyasi zinazochomwa. Nami nakohoa pia. Lakini kwa moyo wangu wote nataka baridi ije, na kusi ivume.

Sababu yake iko chini ya mtumbwi. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Maji ya juu huwa na nyuzi 26 au 27, na ya chini kabisa karibu nyuzi 23. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuyatenga: mepesi ya uvuguvugu hukaa juu, mazito ya baridi hukaa chini, na huku kwetu kaskazini, ukipita mita 100 hivi kwenda chini, hewa ya samaki kuvuta huisha. Mbolea ya ziwa, yaani mabaki yote yaliyozama na kuoza, iko huko chini kwenye giza. Bila kitu cha kuyachanganya, vijimea vidogo vya juu hukosa chakula, ndagala wakakosa, na mukeke wanaowala ndagala wakakosa.

Kinachochanganya ni kusi na ubaridi wa kiangazi. Hewa kavu ya baridi hupoza maji ya juu, na upepo huyasukuma kuja kwetu kaskazini, ili kule Zambia maji ya chini yapate nafasi ya kupanda. Kusi ikilegea Septemba, ziwa zima huyumba ndani kwa ndani kama maji ya beseni lililoinamishwa kisha likaachiwa, na myumbo mmoja huchukua takriban mwezi. Mambo haya yalipimwa kwa miaka mingi na mradi wa utafiti wa FAO na Finland ulioanza mwaka 1992, makao yake yakiwa Bujumbura.

Ndiyo maana habari iliyoniumiza ni ile ya mwaka 2003. Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, pepo zimepungua nguvu, na uzalishaji wa vijimea umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo huenda limepunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Hakuna faini ya nyavu haramu inayoweza kurudisha upepo. Tunachoweza ni kuacha samaki wazaane, na ndivyo nchi nne za ziwa, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilivyokubaliana. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu bila ndagala ni njaa ya kweli kwa waanikaji, na serikali zinazofunga ziwa zina wajibu wa kututazama. Hata hivyo miezi hiyo inaangukia wakati kusi inapofanya kazi yake.

8. Uliza upepo na saa, usiulize joto tu

Utabiri wa taifa hutolewa na IGEBU, taasisi yenye makao Gitega, na hupita redioni. Kwa majira yote, wataalamu wa kanda hukutana chini ya ICPAC, kituo cha hali ya hewa kilichoko karibu na Nairobi. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini utabiri wa majira hausaidii kuamua kama injini iwashwe leo. Saa arobaini na nane zinazokuja ndizo zenye uamuzi wetu, na ndani yake, nyuzi za joto si swali la kwanza. Mvuvi anataka kujua upepo utatoka wapi, utaanza saa ngapi, utakaa muda gani, na kama kuna ngurumo zinazotarajiwa milimani au upande wa Ubwari. Muanikaji anataka kujua umande na mawingu ya asubuhi. Mwenye mawese anataka kujua baridi ya usiku huko juu.

Kwa hiyo ninaloomba ni dogo. Kila mwalo, kuanzia Kabezi, Magara na Minago mpaka Rumonge na Nyanza-Lac, uwe na ubao na chaki, na mtu mmoja wa chama cha wavuvi aliyepewa namba ya kupiga Gitega. Aandike kwa Kirundi na Kiswahili: upepo wa usiku huu, upepo wa kesho, mawimbi ya kusini yapo au hayapo, radi ipo au haipo. Chini yake abakize nafasi ya nahodha aliyerudi alfajiri kuandika alichokiona, kisha taarifa hiyo nayo ipigiwe simu Gitega, kwa sababu juu ya maji wachunguzi wa usiku ni manahodha. Ubao uwe umeandikwa ifikapo saa kumi alasiri, maana saa kumi na moja taa zimeshapakiwa na mitumbwi inasukumwa.